Zambarau ya Mzee Abdijabar

Kufikia Machi mwaka huu Nerima alikuwa amewazika watu mia nne na kumi na wawili bila kushika jembe.

Kibanda chake kiko orofa ya chini ya jumba moja la mtaa wa Pipeline, Nairobi, mahali ambapo taa huwashwa saa nne asubuhi kwa sababu jua halijawahi kupata njia ya kupenya kati ya nyumba na nyumba. Kazi yake ni kutengeneza programu za mazishi. Unamletea picha ya marehemu, hata ile ya kitambulisho ikiwa hakuna nyingine, na karatasi ambayo shangazi ameandika wasifu kwa kalamu inayokaribia kuisha wino. Kesho yake unapokea kijitabu cha kurasa nane, marehemu akitabasamu katikati ya mawingu, jina lake limeandikwa kwa herufi za mikia mirefu, rangi ya zambarau, kingo za dhahabu, na njiwa wawili juu ambao hakuna aliyewaalika. Chini ya jina ni mwaka wa kuzaliwa, kistari, mwaka wa kufa. Watu wa Pipeline hawajawahi kukubaliana kuhusu maji, taka wala kelele za kanisa la orofa ya tatu, lakini kuhusu zambarau wako kitu kimoja. Ukizikwa bila zambarau, watu watarudi nyumbani wakinong'ona kwamba familia haikujikaza.

Programu ya kwanza ilikuwa ya mamake. Aliichagua zambarau kwa sababu mama alikuwa na kitambaa cha kichwa cha rangi hiyo, na herufi za mikia akazichagua kwa sababu ndizo alizoweza kuziona machozi yakiwa yamejaa machoni. Akaandika nusu ukurasa wa mambo mazuri ambayo hakuwahi kumwambia mama akiwa hai, akapiga chapa nakala mia tatu, akawagawia watu waliokuja kuangalia kama nyama itatosha. Majirani wakasema programu imependeza. Tangu hapo kila aliyefiwa anakuja kutaka "kama ile ya mamako." Miaka sita sasa Nerima anamzika mamake upya kila wiki, na wateja humsifu kwa kazi safi. Ilikuwa imemchosha, na ilikuwa ikimuuma.

Ndiyo maana Bilan alipompigia simu kutoka Eastleigh, Nerima alisimama wima kibandani kana kwamba ameitwa na daktari. Bilan ni binti ya Mzee Abdijabar, muuzaji wa jumla wa blanketi, mashuka na mapazia. Wateja wa mzee wengi ni wa magharibi mwa Kenya, watu wa Webuye, Kimilili na Mumias, ambao huagiza marobota kwa simu na kuyapokea kwenye ofisi za mabasi. Bilan alitaka kuwafungulia tovuti ili waache kumpigia wakati wa kula. Alikuwa ameona kadi ya saluni ya Jacky, jirani ya Nerima anayepaka watu kucha kwenye kibanda cha pili, na kadi hiyo ilikuwa kitu pekee ambacho Nerima aliwahi kutengeneza kwa ajili ya mtu anayepumua.

"Tunataka logo kwanza," Bilan alisema. "Na chini ya website tutaweka jina lako na namba yako. Watu wakuone."

Malipo yalitajwa pia, lakini Nerima hakuyasikia vizuri. Alisikia jina lake chini ya kitu cha watu walio hai.

"Sikia, Jacky," alimwambia jirani yake siku hiyo. "Hakuna zambarau. Hakuna dhahabu. Hakuna njiwa. Nikitoka kwa maiti sirudi tena."

"Sawa, msee wa brand," Jacky alisema, akipuliza kucha za mteja. "Ukishaomoka na pesa utukumbuke."

Nembo ya kwanza aliitengeneza kwa siku nne na aliipenda kuliko anavyopenda watu wengi. Herufi zilikuwa nene, za mviringo, laini, rangi ya embe lililoiva, na ile A ya mwanzo ilikunjwa kama blanketi iliyo dukani ikingoja mtu aiguse. Akaenda nayo Eastleigh, akapanda ngazi mpaka dukani, akaiweka kompyuta juu ya kaunta kati ya rundo la mashuka na birika la chai ya iliki.

Familia ikakusanyika. Mzee Abdijabar mwenyewe alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, ndevu zimetiwa hina, kikombe mkononi. Alitazama kidogo, akarudisha macho kwenye chai. "Mimi nauza blanketi," alisema. "Rangi ni yenu. Chagueni."

Hapo ndipo shida ilipoanzia, maana aliyebaki na sauti ni Gedi, kaka yake Bilan. Gedi aliwahi kukaa Dubai siku tisa. Kuna watu husoma chuo miaka minne wakatoka na wasiwasi, lakini Gedi alikaa siku tisa, tatu kati ya hizo akiwa anaumwa na tumbo, akarudi mtaalamu wa kila kitu kinachong'aa.

"Hii ni rangi ya chama," Gedi alisema.

Nerima akaibadilisha ikawa njano. Njano ilikuwa ya chama kingine, tena kilichoshindwa, jambo ambalo ni baya zaidi. Kijani ilikuwa ya kampuni ya simu. Nyekundu ilikuwa ya kampuni nyingine ya simu na pia, kwa mujibu wa Gedi, ya bucha. Samawati ni polisi. Kahawia haikupewa hata nafasi ya kujitetea. Ikabainika kwamba katika nchi hii kila rangi ina mwenyewe, ameshaipaka kwenye ukuta wa mtu, na wewe mwenye blanketi umechelewa kuzaliwa.

Herufi nazo zilipata yao. Hizi zimenona, zinaonekana kama zinauza mandazi. Hizi zimekonda, mteja atafikiri duka linafunga. Hizi ni za hospitali. Hizi zimesimama kama askari jela. Gedi alikuwa na njia ya kufumba jicho moja na kusogea nyuma hatua mbili, kama mtu anayepima nyumba anayotaka kununua, kisha anasema neno moja, "Hapana," na kwenda kuswali, na Nerima anabaki na Bilan wakitazamana.

"Usikufe moyo, dada," Bilan alikuwa akimwambia. "Gedi ni hivyo hata kwa pilau."

Wiki tatu zilipita hivyo. Nembo zilikuwa zimefika kumi na saba, na Nerima alikuwa ameanza kuziona usingizini zikimfuata ngazini. Tovuti ilipaswa kufunguliwa Jumamosi. Alhamisi mchana alifika dukani akiwa hajala, macho mekundu, na kwenye kompyuta kulikuwa na programu ya ajuza mmoja wa mtaa wa Umoja ambayo familia yake ilikuwa ikiisubiri jioni ileile. Akafungua kompyuta bila kufikiri. Kabla hajaondoa ile programu, Gedi akaweka kidole kwenye kioo.

"Hiyo," alisema.

"Hiyo si yenu. Ni kazi nyingine."

"Angalia hizo herufi, Bilan. Angalia hiyo gold. Hii ndiyo nilikuwa naona Dubai, kwa mahoteli. Hii ndiyo nilikuwa nasema siku zote." Akamgeukia Nerima kwa hasira ya kweli. "Ulikuwa umetufichia."

Bilan akainama, akatazama herufi za mikia, zambarau, na kingo za dhahabu, uso ukamng'aa. Hata yeye aliipenda. Na kwa nini asiipende? Kwao mtu akifa alfajiri, adhuhuri yuko kaburini. Hakuna kijitabu, hakuna picha kwenye mawingu, hakuna shangazi mwenye kalamu. Zambarau kwao ni rangi tu, na ilikuwa rangi pekee iliyobaki nchini bila mwenyewe, au ndivyo walivyodhani. Kwa wateja wao wa Webuye na Mumias mambo ni tofauti, na Nerima, aliyezaliwa huko, alijua hivyo kuliko mtu yeyote katika mtaa mzima wa Eastleigh.

"Dada, wewe unaonaje?" Bilan akamwuliza. "Wewe ndiye fundi."

Nafasi ilikuwa hiyo. Neno moja lingetosha. Lakini Nerima alifikiria nembo ya kumi na nane, na ya kumi na tisa, na Gedi akifumba jicho. Alifikiria jina lake chini ya tovuti. Akajiambia kwamba herufi hazina dini, kwamba rangi haijui inakotumwa, na upuuzi mwingine wa aina hiyo ambao mtu mwenye njaa hujiambia.

"Imetulia," alisema.

Gedi, baada ya kupewa kidole, akataka mkono. Nembo iwe na uso wa Aabo, yaani baba yao, kwa sababu watu huamini uso. Ikatafutwa picha ya mzee aliyopigwa akitoka Makka, amevaa nyeupe, ametazama juu kwa unyenyekevu. Nyuma yake pasiwe wazi, paonekane hewa. Nerima akaweka mawingu. Na kwa kuwa duka lilifunguliwa mwaka wa 1987 na huu ni mwaka wa 2025, na biashara nyingi za Eastleigh hazimalizi hata miaka mitatu, Gedi akataka hiyo miaka yote ionekane chini ya jina. Nerima akaandika 1987, akaweka kistari, mkono ukasita, akaandika 2025.

Njiwa aliwaondoa. Dhamiri nayo ilihitaji kupewa kitu.

Jumamosi tovuti ilifunguliwa saa mbili asubuhi. Bilan aliituma kwa kila mteja aliyekuwa kwenye simu yake, bila maneno yoyote, nembo kubwa juu, na chini mahali pa wateja kuandika maoni. Kufikia saa tatu maoni yalikuwa thelathini na mawili. Saa tatu na nusu simu ya Nerima ikalia.

"Dada, watu wanaandika sana," Bilan alisema. "Lakini wanatupa pole. Wengine wanasema Mungu atupe nguvu. Nguvu ya nini? Ni kwa sababu website ilichelewa?"

Nerima akaketi. Jacky, aliyekuwa akisikia kila kitu kwa sababu ukuta kati yao ni wa mabati, akachungulia.

"Na kuna mama wa Kimilili amepiga simu ya duka," Bilan aliendelea. "Aabo mwenyewe akashika. Akauliza huyu ni nani, Aabo akasema ni Abdijabar. Huyo mama akapiga nduru akatupa simu. Bado iko wazi mpaka saa hii, tunasikia kuku."

Mtu mwenye ujasiri angesema ukweli hapohapo. Nerima alisema atauangalia mtandao, huenda kuna hitilafu, kisha akazima simu na kushinda Jumapili nzima ndani akijifunika blanketi iliyonunuliwa, ukitaka kujua, kwa Mzee Abdijabar.

Jumatatu asubuhi alijikaza akaenda. Alifika juu ya ngazi na kukuta mbele yake watu watatu wakihema, mwanamume mwenye suti nyeusi iliyokunjika safarini na wanawake wawili waliofunga leso viunoni. Mwanamume alikuwa Mwalimu Shiundu wa Webuye, aliyestaafu ualimu akaingia biashara ya blanketi, mteja wa duka hilo kwa miaka ishirini. Mmoja wa wanawake alikuwa ameshaanza wimbo wa chini kwa chini, ule wa kuingilia boma la marehemu. Walipogeuka kona, marehemu alikuwa kwenye kiti chake mlangoni akichovya sambusa kwenye pilipili.

Wimbo ulikufa. Mwalimu Shiundu alishika ukuta.

"Mwalimu," Mzee Abdijabar alisema. "Karibu. Umevaa vizuri. Kuna harusi?"

Ilichukua muda na glasi tatu za maji. Mwalimu akatoa simu, akaonyesha nembo, akaeleza polepole kama anavyofundishwa mtoto wa darasa la kwanza: hii zambarau, hii dhahabu, haya mawingu, mtu anayetazama juu, na hii miaka miwili na kistari katikati. "Nilishangaa kidogo," alisema, "kwamba ulifariki na miaka thelathini na minane. Lakini nikasema mtu huzeeshwa na mambo mengi."

Gedi alikuwa amebadilika rangi, tena rangi ambayo hakuna chama kilichowahi kuichukua. Akamgeukia Nerima. "Wewe. Umemuua Aabo kwa internet. Umetufanya wajinga mbele ya Kenya nzima. Mimi nitakupeleka kortini."

"Gedi, keti," mzee alisema. Kisha akamtazama Nerima, kwa mara ya kwanza tangu kazi ianze. "Binti, ulijua?"

Nerima angeweza kusema hitilafu ya mtandao. Jibu hilo lilikuwa tayari mdomoni. Lakini mzee alikuwa ameuliza bila ukali, na uongo ulimshinda.

"Nilijua, Mzee," alisema. "Mimi ni mtu wa programu za mazishi. Hizo herufi nilichagua za mamangu, miaka sita iliyopita. Nilikuwa nataka sana jina langu liwe kwa kitu kingine, na nikaogopa nikisema ukweli mtachukua mtu mwingine. Naomba msamaha. Nimewakosea."

Bilan alikuwa akitazama sakafu, na hilo lilimuuma Nerima kuliko korti ya Gedi.

Mzee akafuta vidole. "Mwalimu, hiyo karatasi mfukoni ni nini?"

Mwalimu Shiundu akaufunika mfuko wa koti. "Si kitu. Ni maneno machache nilikuwa nimeandaa. Sasa hayana kazi."

"Soma."

"Mzee, haya ni ya mtu aliyekufa."

"Umetoka Webuye nayo. Soma."

Basi Mwalimu akasimama kati ya mashuka na mapazia, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya gwaride la shule. Alisema kuhusu mwaka ambao bweni la shule yake liliungua, wavulana wakalala kwenye sakafu ya darasa mwezi wa Julai. Siku tano baadaye robota la blanketi likashushwa kwenye ofisi ya basi kwa jina lake, naye hakuwa ameagiza. Alipopiga simu kuuliza, marehemu alimwambia wapagazi wamekosea anwani, na kwamba kulirudisha ni usumbufu, walitumie tu. Zilikuwa blanketi themanini na sita. Wavulana walikuwa themanini na sita. "Wapagazi wa marehemu," Mwalimu alisoma, "walikosea anwani mara tatu katika miaka hiyo, na kila mara walikosea wakati wa baridi."

"Mara mbili," mzee alisema kutoka kitini. "Ile ya tatu walikosea kweli."

Bilan alikuwa ameinua uso. Gedi alikuwa ameacha kushika simu. Ilionekana wazi kwamba hakuna mmoja wao aliyewahi kusikia habari hiyo, na kwamba mzee hakuwa na nia ya kuisema mpaka kaburini. Mwanamke mmoja wa Webuye akaanza kulia upya, safari hii bila mpango. Nerima naye alilia. Alilia kwa aibu, na kwa wivu pia, maana alikumbuka nusu ukurasa wake, na nakala mia tatu, na mtu mmoja tu aliyestahili kuusoma akiwa amelala ndani ya sanduku mbele ya watu.

Mwalimu alipomaliza, mzee alizungusha kikombe mkononi.

"Kwetu mtu akifa anazikwa kabla chai haijapoa," alisema mwishowe. "Wanasema Mungu amrehemu, wanarudi dukani. Hakuna karatasi. Mimi nimezika baba, nimezika ndugu wawili, sikusoma kitu." Akamtazama Gedi. "Hakuna korti." Akamtazama Nerima. "Ile ya kwanza, ya rangi ya embe, bado unayo?"

Nerima alishangaa kwamba aliiona. "Ninayo, Mzee."

"Ilikuwa nzuri. Nilitaka kusema, lakini nilikuwa nimeshawaambia wachague. Utaweka hiyo."

"Nitaiweka leo hii. Saa moja tu, nitaondoa ile yote."

"Leo hapana," mzee alisema. "Weka Ijumaa."

Gedi akaruka. "Aabo, watu wanafikiri umekufa."

"Wanaandika?"

"Mia mbili na kitu," Bilan alisema, akitazama simu yake. "Wanaendelea. Kuna mtu wa Mumias ameandika mpaka imekatika."

"Basi waache mpaka Ijumaa." Akaomba simu ya binti yake, akaishika mbali, akaileta karibu, akaifuta kwa kanzu, akaisogeza tena mbali, huku akikunja uso. Kwa wiki tatu za herufi nene na herufi nyembamba, mzee huyu hakuwa ametoa maoni hata mara moja. Sasa akamwita Nerima aje karibu, akamwonyesha kioo kwa kidole chenye hina.

"Binti, hizi za chini, za watu. Ni ndogo. Ziongeze, nisome vizuri."

Nerima akafungua kompyuta palepale juu ya kaunta. Tangu mamake mpaka siku hiyo, hakuna hata mmoja kati ya wote aliowaandikia aliyewahi kumwambia kwamba herufi ni ndogo. Akaziongeza. Mzee akasema bado, na Nerima akaziongeza tena.